Thomaskirche ya Leipzig: kanisa la kuingia kwa masikio

Anayeingia Thomaskirche, kanisa la mjini Leipzig, Ujerumani, saa sita mchana, akazunguka dakika ishirini, akapiga picha ya bamba la kaburi la mtunzi wa muziki Bach na kutoka, ataondoka akijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Kuta ni nyeupe, mabenchi ni mabenchi, madhabahu ni ya karne ya 19. Frauenkirche ya Dresden, mwendo wa saa moja na kitu kwa treni, inalishinda kanisa hili kwa macho bila hata kujitahidi. Rudi hapohapo Ijumaa saa 12 jioni, kwaya ya wavulana ikiwa imesimama kwenye roshani ya magharibi, nyuma yako na juu ya kichwa chako. Hapo ndipo jengo linapojieleza.

Ni kanisa la usharika mpaka leo. Watoto hubatizwa humu, vijana hupata kipaimara, maharusi hufungishwa ndoa, na ibada inapoendelea watalii hawazunguki ndani. Anayepanga kulitembelea kwa nusu saa kati ya treni mbili aangalie kwanza ratiba kwenye tovuti ya usharika, la sivyo ataishia kulitazama kutoka uwanjani.

Kufika si kazi. Kutoka stesheni kuu ya Leipzig ni kama robo saa kwa miguu, ukikata katikati ya mji wa zamani. Asiyetaka kutembea apande S-Bahn ya chini ya ardhi kituo kimoja hadi Markt, kisha avuke soko, au achukue tramu namba 9 ashuke kituo kinachoitwa kwa jina la kanisa lenyewe. Mbele ya ukuta wa kusini utaona sanamu ya Bach iliyochongwa na Carl Seffner, ya mwaka 1908. Makumbusho ya Bach yako ng'ambo ya uwanja, katika nyumba ya Bose. Upande wa magharibi, kwenye barabara ya Dittrichring, iko sanamu ya Mendelssohn. Hiyo ni nakala ya mwaka 2008. Ya kwanza iling'olewa na Wanazi mwaka 1936 kwa sababu mtunzi huyo alikuwa wa asili ya Kiyahudi.

Sasa jengo. Mwaka 1212 Dietrich, mtawala wa Meissen, alianzisha hapa nyumba ya watawa wa Augustino, na Thomanerchor, ile kwaya ya wavulana ya kanisa hili, huhesabu umri wake tangu mwaka huo. Kwa hiyo kwaya ni kongwe kuliko ukumbi inamoimba, kwa takriban miaka 280. Ukumbi tunaouona ulijengwa kati ya 1482 na 1496, fundi mkuu wa kuanzia akiwa Claus Roder, ukawekwa wakfu tarehe 10 Aprili 1496. Martin Luther alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati huo, hajui kama siku moja atapanda mimbari humu.

Mafundi walichagua muundo ambao Wajerumani huuita kanisa la ukumbi. Katika kanisa la kawaida la zama zile, sehemu ya katikati hupanda juu na zile mbili za pembeni hubaki chini, kama nyumba yenye vibaraza. Humu sehemu zote tatu zina dari la kimo kimoja, kama mita 18 kutoka sakafuni, nazo zimetenganishwa na nguzo nyembamba za pembe nane tu. Ukumbi una urefu wa mita 50 na upana wa mita 25. Ukiongeza sehemu ya madhabahu unapata mita 76. Matokeo yake ni chumba kimoja kikubwa, mwanga unaingia kutoka madirisha marefu ya pembeni, na karibu kila mtu anamwona mhubiri. Waliojenga walikuwa Wakatoliki waliofikiria misa na maandamano. Bila kujua, waliwaachia Walutheri nyumba inayofaa mahubiri.

Simama mlango wa magharibi, utazame moja kwa moja hadi madhabahuni. Utahisi kitu hakijakaa sawa, na macho yako hayakudanganyi: sehemu ya madhabahu imepinda kidogo ukilinganisha na mhimili wa ukumbi. Ile ni sehemu ya zamani, nyembamba zaidi. Ukumbi mpana wa karne ya 15 uliunganishwa nayo baadaye. Katika picha nyingi kosa hilo halionekani, kwa sababu wapiga picha husogea hatua mbili kushoto au kulia kulificha. Wewe usilifiche. Ni mahali pa pekee ndani ya jengo ambapo unaweza kuona kwa macho kwamba hili ni kanisa lililoungwaungwa.

Ukitoka nje, tazama paa. Mteremko wake ni nyuzi 63, miongoni mwa mapaa ya mgongo yaliyosimama wima zaidi Ujerumani. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha maana yake: kwa nusu ya upana wa mita 12.5, paa la mteremko huo linapanda zaidi ya mita 24 juu ya kuta. Yaani paa ni refu kuliko chumba linachokifunika. Sababu ni kwamba sehemu zote tatu za ukumbi zimewekwa chini ya paa moja badala ya matatu, na paa pana la vigae lazima lisimame ili mvua na theluji vitelemke haraka. Walio na hamu ya kenchi za mbao waulize ziara za mnara, ambazo hufanyika wikendi za miezi ya joto. Mnara una mita 68, na kofia yake ya sasa ni ya mwaka 1702. Ngazi ni nyembamba. Mwenye magoti mabovu abaki chini anywe kahawa.

Historia ya Kilutheri ya kanisa hili huanza kabla halijawa la Kilutheri. Tarehe 27 Juni 1519 mdahalo maarufu wa Leipzig, uliomkutanisha Luther na mpinzani wake Mkatoliki Johann Eck, ulifunguliwa kwa misa humu, na Georg Rhau, kantori (mkuu wa muziki wa kanisa) wa wakati huo, aliongoza misa ya sauti kumi na mbili. Mdahalo wenyewe ulifanyika kwenye ngome ya Pleissenburg. Mji haukugeuka mara moja. Mtawala wa eneo hili, Duke Georg, alipinga Matengenezo ya Kanisa hadi alipofariki mwezi Aprili 1539; ndugu yake Heinrich aliyemrithi akafungua mlango, na Jumapili ya Pentekoste, tarehe 25 Mei 1539, Luther akahubiri Thomaskirche.

Kilichofuata ndicho kiini cha tathmini hii. Ibada ilipohamia kwenye Neno, swali la kwanza halikuwa picha gani ziondolewe. Lilikuwa hili: mtu aliyekaa nyuma anasikia? Jumba tupu la mawe lenye kimo cha mita 18 linafaa kwa wimbo wa watawa unaokwenda polepole katika sauti moja. Mahubiri ya saa nzima humo ni uji. Silabi ya pili inafika kabla ya kwanza haijafa. Mwaka 1570 Hieronymus Lotter, aliyekuwa pia meya wa mji, alisimamia ujenzi wa roshani za pembeni. Karne zilizofuata watu wakaongeza mbao juu ya mbao: mabenchi, vyumba vidogo vya familia zenye fedha vilivyobandikwa ukutani, mapazia, viti vya kukodi. Kila ubao ulimeza sauti kidogo. Hope Bagenal, mtaalamu Mwingereza wa sauti za majengo, alichunguza jambo hili karibu miaka mia moja iliyopita, akafikia hitimisho ambalo bado linajadiliwa kwa heshima: mbao za Walutheri zilifupisha mwangwi kiasi kwamba muziki wa mwendo wa haraka, wenye sauti nyingi zinazofukuzana, uliweza kusikika neno kwa neno. Bila roshani zile, fugi za Bach zingekuwa kelele tamu.

Johann Sebastian Bach alikuwa kantori hapa kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Wanaodhani alikuwa na kazi ya starehe wasome alichowaandikia wakuu wa mji tarehe 23 Agosti 1730. Aliwapanga wavulana wake 54 kama mwalimu wa kwaya aliyechoka: 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, 17 hawafai kabisa. Katika waraka huohuo alieleza kwaya anayoitaka: angalau waimbaji watatu kwa kila sauti, yaani 12, ili mmoja akiugua wimbo usivunjike, wanne kwa kila sauti, jumla 16, ingekuwa bora. Viongozi wa kwaya zetu wanaolia kwamba hawana watu sitini wapige hesabu hiyo tena.

Ibada kuu ya Jumapili enzi hizo ilianza saa 1 asubuhi na kuchukua saa tatu hadi nne. Kantata, yaani kazi ya muziki ya waimbaji na ala, ilikaa kabla ya mahubiri, na mahubiri yalikula saa nzima. Haki itendeke kwa jirani pia: kantata zilipokezana kati ya Thomaskirche na Nikolaikirche, na Mateso kwa Yohana, kazi ya Bach ya kuimba habari za mateso ya Yesu, yalisikika mara ya kwanza Nikolaikirche, Ijumaa Kuu ya 1724. Mateso kwa Mathayo ndiyo ya hapa. Yana kwaya mbili zinazojibizana, na mwaka 1736, kwa kumbukumbu za mtunza kanisa, yaliimbwa kwa vinanda vyote viwili vya mabomba. Wakati huo palikuwa na kinanda kikubwa magharibi na kidogo upande wa pili wa ukumbi, kwa hiyo waumini walikaa katikati ya mazungumzo hasa. Kinanda kidogo kilibomolewa miaka michache baadaye. Muumini wa KKKT atakayesikiliza kazi hiyo atakutana na tuni anayoijua tangu utotoni, ile ya wimbo wa Ijumaa Kuu kuhusu kichwa kilichojaa damu na majeraha. Inarudi mara tano, karibu kila mara ikiwa imevikwa harmonia nyingine.

Hapa ndipo lawama inapoanguka. Kati ya 1884 na 1889, chini ya msanifu Constantin Lipsius, kanisa lilifanyiwa ukarabati mkubwa wa kulirudisha kwenye sura ya Kigothi, au tuseme kwenye sura ambayo watu wa karne ya 19 waliidhani ni ya Kigothi. Karibu samani zote za baroko, mtindo wa enzi za Bach, zikatolewa, vyumba vya mbao vikabomolewa, uso wa magharibi ukajengwa upya. Kwa macho ni kazi safi. Mbavu nyekundu za dari juu ya rangi nyeupe zinasomeka kama mchoro. Kwa masikio ni hasara. Chumba kilirefuka mwangwi tena, na mtalii anayenong'ona "hapa ndipo Bach alipofanyia kazi" anasema nusu ya ukweli. Kuta, nguzo na dari ndizo alizoziona. Karibu kila kitu kinachogusika kwa mkono ni cha baada yake.

Jambo hili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu kamati za ujenzi za sharika zetu zinarudia kosa la 1889 kila mwaka kwa nia njema kabisa. Kanuni ni ya Wallace Sabine, Mmarekani: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawa kwa jumla ya uwezo wa kumeza sauti. Chukua kanisa la mita 30 kwa 15, kimo mita 6. Ujazo ni 2,700. Sakafu ya vigae vinavyong'aa, kuta za plasta, dari la jipsamu, madirisha machache yaliyo wazi na mabenchi matupu vinaweza kukupa uwezo wa kumeza wa kama mita za mraba 100. Mwangwi: sekunde 4.3. Waingize watu 300, kila mmoja na nguo zake akimeza kama 0.45, unaongeza 135. Mwangwi unashuka hadi sekunde 1.85, na mahubiri yanaeleweka. Ndiyo maana spika zilizojaribiwa Jumamosi kanisa likiwa tupu husikika vibaya, fundi huongeza sauti, na Jumapili kila mtu anaumwa masikio. Kuongeza spika hakupunguzi mwangwi hata kidogo; kunaulisha. Tiba ni ile ya Lotter: mbao, roshani, mapazia mazito ukuta wa nyuma, na dari lenye matundu badala ya jipsamu tupu.

Turudi ndani. Vinanda vya mabomba ni viwili, na ni vizuri kujua unasikiliza kipi. Kile cha roshani ya magharibi kilijengwa na Wilhelm Sauer mwaka 1889 kikiwa na rejista 63, yaani safu za mabomba zenye sauti tofauti, kikapanuliwa mwaka 1908 hadi rejista 88. Ni kinanda cha mtindo wa muziki wa karne ya 19 unaoitwa wa Kimapenzi: sauti yake inaanza kama ukungu, inavimba, inajaza chumba. Kwa watunzi kama Reger au Mendelssohn hakina mpinzani. Kwa Bach kinazamisha mistari, na hilo ndilo lililofanya usharika uagize kinanda cha pili, cha Gerald Woehl, rejista 61, kilichowekwa roshani ya kaskazini mwaka wa Bach wa 2000, mkabala na dirisha lenye picha ya Bach. Sauti yake ni kali zaidi, inakata, kila mstari unafuatika hata ukiwa mbali. Wapo wanaosema kinakwaruza. Kwa kanisa lenye mwangwi mrefu kuliko lilivyokuwa, ukali huo ni dawa.

Jambo moja la kiufundi huwasumbua wapigaji wanaotembelea. Vinanda vya kanisa vya enzi za Bach vilikuwa na kimo cha sauti cha juu kuliko filimbi na fidla kwa tone nzima, kwa hiyo mpiga kinanda alisoma nota zilizoshushwa tone moja ili wakutane. Ukiona nakala ya kantata ambamo kinanda kiko ufunguo mwingine na wenzake wote, si kosa la mchapaji. Halafu joto: mabomba ya kawaida hupanda kama senti 3 (senti ni sehemu ya mia ya nusu tone) kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali yale ya ulimi hubaki karibu palepale, kwa hiyo kanisa likipashwa moto ghafla kinanda kinagombana chenyewe kwa chenyewe. Makanisa ya mawe yenye vinanda vya thamani hupashwa moto taratibu na kwa kiasi. Tafsiri kwa mgeni kutoka Dar es Salaam: Desemba usivue koti ndani.

Kaburi la Bach liko sakafuni katika sehemu ya madhabahu, bamba la shaba lenye jina lake tu. Alipofariki tarehe 28 Julai 1750 alizikwa makaburi ya Johannis nje ya mji, bila jiwe. Mwaka 1894 yalifukuliwa mabaki yaliyokuwa ndani ya jeneza la mwaloni, na mtaalamu wa anatomia Wilhelm His akayatambua kuwa yake. Yakawekwa chini ya kanisa la Johannis, kanisa hilo likapigwa mabomu Desemba 1943, na mwaka 1949 mifupa ikaletwa hapa. Wapo wataalamu wenye shaka kama kweli ni yeye. Maua hayakosekani, shaka au bila shaka.

Madhabahu imekuwa na mambo yake. Kuanzia 1993 palisimama hapa madhabahu ya kale iliyookolewa kutoka kanisa la chuo kikuu, lililolipuliwa na serikali ya Ujerumani Mashariki tarehe 30 Mei 1968. Sasa imerudi chuoni, katika jengo jipya la Paulinum, na Thomaskirche limerudisha madhabahu yake ya karne ya 19. Ukiwa na mwongozo wa zamani mkononi, picha hazitalingana. Kuta za sehemu hii zina picha kubwa za wasimamizi wa kanisa la Leipzig tangu karne ya 17, wote na kola nyeupe, wote wamenuna, zipite haraka. Usilipite birika la ubatizo la Franz Döteber, la 1614 na 1615, marmari na alabasta. Watoto wa Bach walibatizwa hapo, na mwaka 1813 mtunzi Richard Wagner pia.

Madirisha ya rangi ya ukuta wa kusini ni kitabu cha siasa kuliko cha Biblia. Utamkuta Luther na Bach, sawa, lakini pia mfalme Gustav Adolf wa Uswidi na Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Hayo ni ya karne ya 19, Ujerumani ikijivunia dola yake mpya. La Mendelssohn liliongezwa mwaka 1997, na mwaka 2009 likaja dirisha la amani la David Schnell, la kukumbuka mapinduzi ya amani ya 1989. Njoo asubuhi yenye jua, kwani mwanga wa kusini ndio unaoyafungua.

Kuhusu motete, yaani ibada fupi ya kuimba, ambayo ndiyo sababu ya kuja. Huimbwa Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri. Ya Ijumaa kwa kawaida ni kwaya bila okestra pamoja na kinanda. Ya Jumamosi mara nyingi ina kantata nzima ikisindikizwa na wanamuziki wa Gewandhaus, okestra ya mji. Programu inauzwa mlangoni kwa euro chache, na ndiyo tiketi. Hakuna namba za viti, kwa hiyo fika dakika 45 kabla, hasa Jumamosi. Kinachokosewa zaidi ni tarehe: wavulana hawa, takriban mia moja wa miaka 9 hadi 18, ni wanafunzi wanaoishi bweni, na likizo za shule wanapumzika kama wanafunzi wengine. Motete huendelea, ila kwa kwaya ya wageni. Angalia jina la kwaya kabla ya kununua nauli. Kuanzia 2021 kantori ni Andreas Reize, Mswisi Mkatoliki, wa kwanza wa dhehebu hilo katika kiti hiki tangu Matengenezo. Leipzig ilinung'unika kidogo, kisha ikasikiliza.

Wapi pa kukaa? Kwaya iko nyuma, hivyo viti vya mbele kabisa, vinavyokimbiliwa na wageni, ndivyo vilivyo mbali zaidi. Huko unapata mwangwi mwingi na maneno machache. Chini kabisa ya roshani ya magharibi sauti inapita juu yako. Chini ya roshani za pembeni inafika imefunikwa, besi nyingi, soprano hafifu. Lenga katikati ya ukumbi, kuanzia nusu ya urefu kurudi nyuma, safu za kando ya njia ya kati. Roshani za pembeni zikifunguliwa, benchi la mbele linakupa kuona na kusikia kwa pamoja, ila kaa mbali na kinanda cha Woehl kama masikio yako ni mepesi.

Ni ibada. Pana wimbo wa waumini wote, somo, neno fupi, Baba Yetu na baraka. Usipige picha wala kurekodi, wala kupiga makofi kati ya nyimbo. Asiyejua Kijerumani atayashika maneno ya chorali, yaani nyimbo za waumini za Kilutheri, kwa tuni, kwani nyingi zimo kitabuni mwetu.

Undugu huo una anwani. Misioni ya Leipzig, yenye makao yake katika mji huuhuu tangu 1848, ndiyo iliyofungua vituo vya Machame mwaka 1893, Mamba 1894 na Kidia, Moshi ya Zamani, 1896. Wamisionari wake wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru, mwaka huo wa 1896. Chorali za sauti nne na matarumbeta ya sharika za Kilimanjaro na Meru yalipita njia hiyo. Tofauti inasikika mara moja: Leipzig huimba chorali kwa mwendo wa miguu, bila kuivuta mwisho wa mstari, wakati kwetu kila mstari hupumzishwa kama mzigo uliotuliwa. Anayeongoza kwaya asikilize hasa pumzi zao. Wanakata mwisho wa neno kwa pamoja, konsonanti ya mwisho ikiwa kavu, kisha wanaliachia jengo limalizie.

Hitilafu za jengo lenyewe zimepungua. Miaka ya Ujerumani Mashariki, moshi wa makaa ya mawe ya kahawia ulikula mawe na kuchafua vioo, hata mwaka 2000 World Monuments Fund ikaliweka katika orodha ya majengo yaliyo hatarini. Ukarabati wa miaka ya 1990 ulimalizika mwaka huohuo. Leo usumbufu mkubwa ni watu: mwezi Juni, wakati wa Bachfest, tamasha la muziki wa Bach, viti vinauzwa mapema na ziara za makundi hupishana mlangoni. Anayetaka utulivu achague Februari au Novemba.

Ukibahatika kuwepo sikukuu kubwa ya kanisa, usiingie ndani haraka. Simama uwanjani usubiri Gloriosa, kengele ya mwaka 1477, tani 5 na ushee, inayolia noti ya A. Siku za kawaida hupumzishwa, na kazi hufanywa na wadogo zake, wakiwemo wa 1574 na 1634. Inachukua muda kuamka: kwanza unaona watu wakitazama juu, kisha unaihisi kifuani, ndipo unaisikia.